Mpangaji wa Nyumba Yake Mwenyewe

Kibokoni, Mombasa
Ijumaa, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Swalehe,

Barua hii nimeificha chini ya visheti kwa makusudi. Nakujua. Kama umeifikia kabla ya Mazeras, wewe ni mlafi na umeniharibia hesabu yangu; kama umeifikia baada ya Voi, umenifanya nionekane mtu wa akili, nami nashukuru. Nimetaka uisome mahali ambapo huwezi kuruka dirisha la gari la moshi ukarudi nyumbani. Ukiruka Voi utakutana na simba, na simba wa huko hawajali kwamba wewe ni mtoto wa serangi Athumani, mkuu wa gengi bora kuliko yote bandari ya Kilindini.

Salamu za mama yako hazimo humu. Kesho atakupa mwenyewe stesheni, na machozi juu yake, tena anazijua kuliko mimi. Habari za blanketi na dawa ya tumbo na soksi pia ni zake. Mimi nina jambo moja tu.

Juzi umeniambia, tena mara mbili, kwamba huendi. Ati chuo cha ualimu hakikimbii. Ati utaingia bandarini kwenye gengi langu, ufanye kazi mwaka mzima mpaka nyumba yetu tuikomboe, kisha ndiyo uende. Nikakwambia, "Haya, tutazungumza." Hatutazungumza. Wewe una maneno ya shule, mimi nina maneno ya meli, na tukibishana uso kwa uso utanishinda, kwa sababu nitalia. Kwa hiyo nimengoja uende kuwaaga shangazi zako, na kwa jinsi shangazi zako wanavyozungumza nina nafasi ya kuandika kitabu. Nimekaa hapa ghorofani na kalamu yako nikuandikie habari ya nyumba hii tangu mwanzo. Nusu yake umeisikia mitaani. Mitaani wameizidisha. Lakini na mimi nilikuwa nikiipunguza.

Naanza na meli, maana uongo wote ulianzia huko.

Umekua ukisikia kwamba baba yako alikuwa mtu mkubwa melini. Kwamba nahodha Mwingereza hakugusa chakula mpaka Athumani aje. Ni kweli, wallahi. Hakugusa kwa sababu sahani nilikuwa nazo mimi. Nilikuwa nikimenya viazi na vitunguu, mwanangu, na chakula kikiiva nampandishia. Miaka minne. Bombei nimeiona, Marsei nimeiona, Kadifu nimeiona, zote kwa lile tundu la dirisha la jikoni. Na yule mwanamke wa Marsei ninayewasimulia barazani, aliyesimama bandarini akanililia? Alilia kweli. Nilikuwa nakata vitunguu karibu naye.

Niliporudi nikakuta mji umekwisha kunipa utajiri kabla sijashuka. Unawajua watu wa Mji wa Kale: mtu akitoka melini hutazamwa sanduku, hatazamwi uso. Sanduku langu lilikuwa na gramafoni moja, sahani zake tatu, na suti niliyoinunua kwa mjane wa Kigiriki, ya mtu mrefu kuliko mimi. Wewe ulikuwa na miaka sita, umefika kutahiriwa. Mtu wa kawaida angechinja mbuzi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwasimulia watu habari ya nahodha. Kutoka kwa nahodha huwezi kurudi kwa mbuzi. Nikachinja ng'ombe wawili, nikaleta tarabu, nikailisha Kibokoni siku mbili nzima. Hata waliokuja kuchunguza walikula wakasahau kuchunguza.

Fedha zilitoka wapi? Watu waliuliza. Mama yako naye aliuliza. Nikasema, "Za meli."

Zilitoka ukutani. Siku tatu kabla ya karamu nilikwenda kwa Bwana Mahfudhi, yule mwenye ofisi ya ghorofani karibu na forodha, nikamwuzia nyumba hii kwa bei ya khiyari. Utakuwa mwalimu, na siku moja mtoto atakuuliza hiyo ni kitu gani, basi nikueleze. Riba ni haramu, kwa hiyo mwenye fedha hakukopeshi. Anainunua nyumba yako kwa bei ndogo, na kwenye hati mnaandika kwamba una khiyari ya kuinunua tena kwa bei ile ile kabla ya tarehe fulani. Mpaka tarehe hiyo huhami. Unakaa na kumlipa kodi. Tarehe ikipita hujarudisha, nyumba ni yake moja kwa moja, hata ikiwa thamani yake ni mara tano ya alichokupa. Hakuna aliyekula riba. Wote mnakwenda msikitini safi.

Tazama basi maajabu: ulizaliwa katika nyumba yangu, ukatahiriwa katika nyumba ya Bwana Mahfudhi, na kitanda hakikusogea hata shubiri.

Nikawa mpangaji katika nyumba aliyoijenga babu yako. Kila tarehe ikikaribia nilipanda ngazi za Bwana Mahfudhi kuomba muda, naye akaniongeza, na kodi ikaongezeka nayo kidogo. Usimchukie. Ni mtu mpole, mwenye sauti laini, na msikitini tulikuwa tukisimama safu moja. Baada ya sala alinipa mkono akaniuliza polepole, "Athumani, hawajambo nyumbani kwetu?" Waliosikia walidhani ni upendo.

Na ngazi zenyewe, laiti ungeziona! Kila mwisho wa mwezi zilijaa watu wa heshima wa Mji wa Kale, wanaopanda na wanaoshuka, na hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kuwapo. Nikikutana na Maalim Faki, mwalimu wako wa chuo cha Kurani aliyekufundisha alifu na be, tunaamkiana hivi:

"Masalkheri, Maalim. Wapanda?"

"Napanda kumjulia hali Bwana Mahfudhi. Nasikia ana kifua."

"Hata mimi nimekuja kwa kifua hicho. Kimemkaa."

"Mwaka wa nane sasa."

"Mungu amponye."

"Amina, amina."

Na kila mtu anashika mfuko wake anapita. Tuliishi hivyo miaka, kila mmoja anajua ya mwenzake, na kila mmoja anaamini yake haijulikani.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Memba, mjumbe wetu aliyekuwa akienda Nairobi kutusemea katika Baraza la kutunga sheria. Mtu mfupi, tarabushi imemzidi kichwa, mkoba wa karatasi kwapani saa zote. Alikuwa ameshika mambo mawili na hakuyaachia: watu wa bandari na reli wajengewe nyumba za kodi wanayoiweza, na mtu asinyang'anywe nyumba yake kwa sababu tarehe imefika. Mara ya kwanza alipoyasema huko Barazani, tuliambiwa, wakubwa wengine walicheka na wengine walitazama saa. Akarudi Mombasa kutafuta mashahidi.

Mimi nilijipeleka mwenyewe, hakuniita. Nikamwambia Majengo naijua chumba kwa chumba, gengi langu lote linalala huko. Na hilo, kwa bahati, halikuwa la kujisifu. Nilimtembeza siku nyingi. Alikuwa na tabia moja: haandiki kitu mpaka akijaribu. Akiambiwa bomba la maji liko mbali, anabeba debe mwenyewe. Alifika na nusu ya maji, nusu nyingine iko kwenye kanzu. Siku moja tukaingia chumba cha udongo ambamo vijana tisa wa bandari hulala kwa zamu, kitanda hakipati kupoa. Bwana Memba akavua tarabushi akajilaza, ili ajue. Na alikuwa ameshuka kwenye gari la moshi asubuhi ile, usingizi ukamchukua. Mara akaingia kijana wa gengi langu, katoka kupakua saruji, mweupe kama jini, akamtikisa bega.

"Mzee, amka. Zamu yako imekwisha."

Nikamkemea, "We! Huyu ni Memba wa Baraza!"

"Hata angekuwa Gavana," akasema yule kijana. "Kitanda hiki kina watu watatu. Wa nne hatumtaki, hata akilipa."

Bwana Memba akainuka, akaomba radhi, akamlipa senti za zamu, akatoa daftari akaandika. Nasikia aliisimulia Nairobi vivyo hivyo, saruji na yote, na waliocheka safari ile walisahau saa zao. Wakakubali kutuma kamati ije Mombasa isikilize watu wenyewe.

Mashahidi wa Majengo walikuwa tele. Wafiche nini, na ukuta wenyewe una matundu? Taabu ilikuwa kwetu huku kwenye nyumba za mawe. Bwana Memba akaniuliza, "Bwana Athumani, utaweza kunipatia watu kumi wa Mji wa Kale walioziuza nyumba kwa khiyari, waje waseme?"

Nikacheka. "Kumi? Nitakuletea arobaini. Mji huu unanisikiliza mimi."

Nilibisha milango wiki mbili, Swalehe. Kila nyumba nikakaribishwa, nikapewa kahawa na halua, na nikifika kwenye maneno wenyewe wanashangaa. Nyumba yetu? Alhamdulillahi, yetu ni yetu! Maalim Faki alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Watu wa namna hiyo wako kumbe? Maskini. Ukiwaona uwape pole zangu." Nikarudi nyumbani nimejaa kahawa, shahidi sina hata mmoja. Na mimi niliyekuwa nikiwaona waoga, mama yako mwenyewe sikuwa nimemwambia kitu. Nilikuwa nikiomba watu wavue nguo sokoni huku mimi nimejifunga joho mpaka shingoni. Nikikumbuka makosa yangu, wale ng'ombe wawili hawanisumbui sana. Hilo la milango ndilo linaloniamsha.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa shule. Wewe ulikuwa Lamu kwa mjomba wako, ndiyo maana habari umeipata vipande vipande. Mwenyekiti alikuwa Mzungu mrefu mwenye miwani. Mkalimani na karani wake alikuwa kijana wa bara, Mkristo, jina lake Josefu, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Wanaume tulikaa ndani. Wanawake walikaa nje upenuni, nyuma ya madirisha, na mabuibui yao. Mimi nilivaa joho la kuazima nikakaa mbele kabisa kama mtu aliyejenga shule.

Watu wa Majengo wakasema yao vizuri sana. Ikafika zamu yetu. Josefu akaita, "Mashahidi wa nyumba zilizouzwa kwa khiyari."

Ukumbi umejaa watu wa zile ngazi, wote wanatazama dari. Akaita tena. Mtu mmoja akakohoa, akaomba radhi haraka asije akaandikwa. Mwenyekiti akamgeukia Bwana Memba akasema neno, na Josefu akalitafsiri kwa huzuni:

"Mwenyekiti asema, yaonekana ugonjwa huu hauna mgonjwa."

Nikamtazama Bwana Memba. Hakunilaumu hata kwa jicho. Alikuwa anafunga mkoba wake, polepole, kamba moja moja. Kulaumiwa ningevumilia, nimelaumiwa kwa lugha sita. Ule mkoba sikuuweza. Nikasimama.

Ningependa kukwambia kwamba nilisema kweli. Nilisema, "Mimi nina rafiki yangu."

"Rafiki yako anakaa wapi?" Josefu akauliza.

"Kibokoni."

"Kazi yake?"

"Serangi. Mtu mashuhuri."

Watu wote wakaanza kukohoa sasa.

"Aliiuza nyumba kwa sababu ya maradhi, au njaa?"

"Kwa sababu ya ng'ombe wawili, bwana."

Josefu akasita, akatafsiri. Mwenyekiti akaandika, na nikaona ameandika "2."

"Na mkewe anajua?"

"Hajui, bwana. Na tunamwomba Mungu asijue."

Ikatoka sauti dirishani, sauti ambayo wewe na mimi tunaitambua hata mvua ikipiga juu ya mabati:

"Yeo hii amejua! Mwambie huyo rafiki yako, akirudi atafute pa kulala!"

Ukumbi ukapasuka. Hata Bwana Mahfudhi, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alifunika uso kwa leso, mabega yanacheza. Mwenyekiti akauliza kuna nini. Josefu, Mungu amzidishie, akafikiri kidogo ndipo akamjibu. Baadaye nilimwuliza alimwambia nini. Alimwambia, "Mke wa rafiki amepatikana."

Nikabaki nimesimama, joho la watu limelowa jasho. Nikasema, "Bwana Mwenyekiti, huyo rafiki ni mimi." Kisha nyuma yangu Maalim Faki akanyoosha mkono, mzee wa watu.

"Na mimi," akasema, "nina rafiki yangu. Ni maalim."

Fundi wa kofia wa mtaa wa Kuze naye akawa na rafiki. Muuza ubani akawa na rafiki, tena rafiki yake aliuza mara mbili. Kule dirishani mjane mmoja akasema ana shoga yake, shoga huyo mumewe alikufa na hati hakuionyesha. Rafiki baada ya rafiki, na Josefu hakumwuliza mtu jina. Wale arobaini niliowaahidi sikuwaleta mimi. Walijileta, na walizidi. Wino ulimwishia Josefu akaendelea kwa penseli.

Mama yako hakusema nami siku tatu. Siku ya nne alisema, na nikatamani zile tatu.

"Miaka kumi na mmoja," akasema, "kila Ramadhani napaka chokaa ukuta wa watu! Nimegombana na jirani kwa mchirizi wa maji wa Bwana Mahfudhi! Ungeniambia, Athumani, ningemwachia mwenyewe aje agombane."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa kwenye ngazi, akasema kwa sauti ndogo, "Ningekula mbuzi. Ungeniambia tu, ningekula mbuzi, na watu ningewaambia ni ng'ombe."

Hapo nikajua kwamba miaka yote ile nilikuwa nimeoa mwongo hodari kuliko mimi, na sikumtumia.

Kwa hiyo sikwambii usijisifu. Ukiacha kabisa kujisifu watasema si mwanangu. Jisifu barazani, watu wanahitaji kucheka. Ila pawe na mtu mmoja nyumbani anayejua hesabu ya kweli, na akitaja mbuzi, uwe tayari kusikia mbuzi. Mimi ningekuwa na mtu huyo tangu siku ya kwanza, pua na mdomo, kwenye mto wangu.

Bwana Memba akarudi Nairobi mkoba umevimba. Bwana Mahfudhi, kwa kuona haya siku ile, akatuongeza muda bila kugusa kodi. Na sheria ikapita, ingawa waliikata kata mpaka ikawa kama suruali iliyofupishwa kwa mtoto. Haiokoi kila nyumba. Lakini sasa tarehe ikifika nyumba haimezwi. Lazima mtu apewe ilani ya mwaka mzima; nyumba ithaminiwe; na ikiuzwa, mwenye fedha achukue chake na kinachozidi kirudi kwa mwenye nyumba. Tena kuna kifungu kimoja ambacho Bwana Memba ameniapia hakuwa amekifikiria kabla ya siku ya ukumbini: nyumba ya familia haiuzwi mpaka mke ameambiwa mbele ya kadhi. Kifungu hicho hakuna aliyekipinga. Nadhani kila mmoja wao kule Barazani ana rafiki.

Mwaka wetu wa ilani ndio huu. Na huu ndio mwaka uliotaka kuulipa kwa mgongo wako.

Mwanangu, nimekuona ukibeba gunia. Gunia lilikuwa limekubeba wewe. Lakini hata ungekuwa na mabega ya faru nisingekubali. Ungekuwa unawalipia ng'ombe niliowachinja mimi, ili watu wanione mimi, kwenye karamu ambayo wewe mwenyewe hukula hata kipande, maana siku ile, kama unakumbuka, hukuwa na hamu ya kitu chochote. Ungemaliza mwaka, kisha tungesema mwaka mwingine mmoja tu, na mimi ningekuwa Bwana Mahfudhi wako, nakuongeza muda.

Sasa nikwambie lililonifanya niitie barua chini ya visheti. Jana, ulipokuwa kwa fundi kuchukua koti, mimi na mama yako tulikwenda kwa kadhi. Nyumba tumeiuza.

Mnunuzi ni Bwana Akbarali, muuza misumari, mwenye watoto saba na mama mkwe. Bwana Mahfudhi amepata chake, na kilichozidi kimekuja mikononi mwetu. Zamani tungepata ngazi za kushukia tu. Kadhi alimwuliza mama yako, "Umeambiwa?" Akajibu, "Nimeambiwa." "Umeridhika?" Akaitazama hati mpaka kadhi akaacha kalamu. Kisha akasema, "Sikuridhika. Nimekubali. Andika hivyo hivyo." Na kadhi akaandika hivyo hivyo.

Ada yako ya chuo imelipwa mpaka mwisho. Risiti mama yako ameishonea ndani ya bitana ya koti, upande wa kushoto, usiifue. Kwa hiyo hata ukishuka njiani ukarudi mbio Kibokoni, utafunguliwa mlango na mama mkwe wa Bwana Akbarali, na nasikia ni mkali.

Sitajifanya. Unajua mlango wa choo cha chini, usiofunga tangu zama za babu yako, mpaka uunyanyue kwa goti na kuusukuma? Jana jioni nilimwonyesha Bwana Akbarali. Akajaribu, ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa. Mara ya tatu ukafunga, bila mimi kusema kitu. Nikamwambia nimesahau tumbaku yangu, nikatoka nje.

Sisi tunahamia Majengo, Jumapili, kwenye zile nyumba mpya za Manispaa ambazo Bwana Memba alizililia. Vyumba viwili, sakafu ya saruji, bati juu, bomba la maji hatua kumi kutoka mlangoni. Kodi ni ya mtu anayefanya kazi, si ya mtu anayesimulia habari za nahodha. Bwana Memba alitaka jina letu litangulizwe. Mitaani nitasema nilikataa. Kwako nasema kweli, aliyekataa ni mama yako. "Tutapanga foleni kama watu," akasema, na tukapanga, tangu alfajiri. Gengi langu liliponiona kwenye mstari lilifurahi kupita kiasi. "Karibu Majengo, Serangi! Umekuja kututembeza tena?" Na jirani yetu ni mtu wa reli kutoka bara, mkewe na mama yako, anayekwenda huko kusafisha vyumba, wamekwisha kugombania bomba mara moja, na juzi nimewakuta wanafundishana kupika.

Tulipofika mbele ya karani, akafungua kitabu cha kodi akauliza, "Jina la mwenye chumba?" Nikajiweka sawa nifungue kinywa.

"Zuhura binti Ali," akasema mama yako.

"Mama, hapa huandikwa jina la mume."

"Mume huyu tumekwisha kumjaribu."

Wanaume wa gengi langu, watu ninaowalisha chai kwa mfuko wangu, walipiga makofi. Karani akanitazama mimi. Nikamwambia, "Andika, ndugu yangu. Huyo hata Nairobi wamemsikia." Akaandika.

Kwa hiyo juu ya bahasha usiweke jina langu, mwanangu, barua itapotea. Andika: Bi Zuhura binti Ali, Nyumba za Manispaa, Majengo, Mombasa. Nimemwuliza usiku wa jana mimi nitakaa kwake mpaka lini, nijue mapema. Akaendelea kukunja shuka zako, akasema hataji tarehe.

Nenda salama, usome, uturudie mwalimu. Mungu akutangulie kila unapoketi na kila unaposimama.

Ni mimi babako,
Athumani bin Omari,
anayekaa kwa Bi Zuhura